Picha Isiyotiwa Mkasi

Kabla watu wa Msimbati hawajazoea kumwita mpiga picha, walimwita Riziki wa Kopo, na yeye hakuwalaumu. Kamera yake haikufanana na kamera. Zile za wapiga picha wa Mtwara mjini zilikuwa pana, zina mkanda wa shingoni, na mwenyewe huzishika kwa mikono miwili huku amekunja uso kama anayesoma barua ya serikali. Hii ya Riziki ilikuwa nene na ndefu, imesimama wima, inajaa kiganjani sawasawa na kopo la maziwa. Aliishika kwa mkono mmoja, akaipeleka jichoni, na lenzi ikatoka yenyewe ikinguruma, ikamvuta mtu aliye mbali mpaka karibu, kisha ikarudi ndani. Kwa mtu aliyesimama peke yake aliilaza ubavu, na hapo ndipo hasa alipofanana na mtu anayekunywa.

"Riziki, unapiga picha au unajipatia maziwa?" vijana walimchokoza.

"Nakunywa sura zenu," aliwajibu, "na leo nitakufa kwa sumu."

Aliipata mwaka 1993 Mikindani, kwa Khatijabai, mke wa mzee Asgarali mwenye duka. Riziki alikuwa akimshonea nguo yule mama, na mama huyo alipovunjika nyonga, Riziki akahamia kwake miezi minne kumuuguza. Naveed, mpwa wa Khatijabai, alikuwa ameileta kamera ile kutoka Dubai akitumaini kuiuza. Ikakaa kwenye kabati la kioo mwaka mzima. Wateja waliiangalia, wakauliza kama ni mashine ya kunyolea, wakanunua betri za redio wakaondoka. Siku Khatijabai aliposimama kwa miguu yake mwenyewe, aliitoa kabatini akampa Riziki pamoja na kitabu chake cha maelezo, akamsomea ukurasa kwa ukurasa. Kamera hii, alimweleza, ina tabia yake. Pale ambapo kamera nyingine inaweka picha moja kwenye filamu, hii inaigawa nafasi hiyo mara mbili na kuweka picha mbili ndogo. Filamu ya picha thelathini na sita inakupa sabini na mbili.

Riziki aliona mlango wa riziki umefunguka, na kwa kweli ulifunguka. Alirudi kwao Msimbati akatundika shuka ya buluu barazani, baina ya nguzo za mikoko zilizopakwa oili chafu ili mchwa asizile. Akafukia kifuu cha nazi mchangani kuonyesha mahali pake pa kusimama, asiwe anahangaika kila mara kupima umbali. Wanawake walimpenda kwa sababu aliingia kule wapiga picha wanaume wasikoingia: chumbani kwa bibi harusi, uani kwenye ngoma za wali, mabinti wanaofundwa. Idd ikifika, foleni ilianza barazani ikazunguka nyumba.

Filamu zikijaa alizituma Dar es Salaam kwa meli. Mashine ya huko haikuijua tabia ya kopo. Ilisafisha kila nafasi kama nafasi moja, kwa hiyo kila karatasi ilirudi na watu wawili, ubavu kwa ubavu, na katikati yao mstari mwembamba mweusi. Riziki hakulalamika. Alitandika mkeka, akachukua mkasi wake wa cherehani, akapasua mstari, akampa kila mtu wake. Alikuwa akicheka peke yake kabla ya kukata. Unamkuta mwalimu wa madrasa amekaa na msichana aliyepaka wanja mpaka masikioni, na shuka ya buluu imepita nyuma ya wote wawili kama wamekubaliana. Wenyewe hawakuwahi kuona. Hakuna aliyeuliza, naye hakuona sababu ya kueleza mambo ya mashine kwa watu wanaotaka sura zao tu.

Idd ya kuchinja ya mwaka 1996 ilimkuta Jafari kwenye foleni ile. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee wa mama aitwaye Hadija, mjane wa nyumba ya pili kutoka kisimani. Kijana wa maneno mengi. Alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, akaegemea upande mmoja na kutia mkono mfukoni, akamwambia Riziki afanye haraka kabla uzuri haujamwisha. Riziki alimpiga moja, akamfukuza. Aliyefuata alikuwa Husna, msichana wa Madimba aliyekuja kula Idd kwa shangazi yake. Alitaka picha ya kumpelekea mchumba wake Ismaili, fundi uashi wa Mikindani. Riziki alimweka pale pale mbele ya shuka. Husna aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kwa haya, akakitabasamia kitu asichokiona mtu mwingine.

Siku ya nne baada ya Idd, Jafari aliondoka na wenzake watatu kuvuka Ruvuma kwenda upande wa Msumbiji, na mtumbwi wamejaza sabuni na vitenge. Masika yalikuwa bado hayajaisha na mto ulikuwa umefura. Karibu na mdomo, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari yakasukumana, mtumbwi ulipinduka. Watatu walitoka. Watu walitafuta siku sita kwa ngalawa na kwa miguu, kwenye mikoko na kwenye matope, wakakuta madumu na kiatu kimoja ambacho hakikuwa chake. Akasaliwa bila jeneza.

Mama Hadija aliitikia pole za watu kwa adabu zote, na watu walipoondoka alianza safari zake. Kila asubuhi alitembea mpaka mdomo wa mto akamwita mwanawe kwa jina, si kwa kulia, kwa sauti ile ile ya kumwita mtoto aje kula. Akiona haitikiwi anaingia majini. Mara mbili wanawake wa kuokota chaza walimkuta maji yamemfika kifuani wakamvuta. Aliacha kula. Kila aliyepita nyumbani kwake alimtuma kwa Riziki na swali moja: picha zimerudi?

Zilirudi siku ya thelathini na moja. Riziki alitandika mkeka akaanza kukata kama kawaida, akiwa ameshajiandaa moyoni kukutana na sura ya Jafari. Lakini alipoifikia, mkasi ulisimama. Jafari alikuwa ameegemea upande wa kulia. Husna, upande wake, alikuwa ameinamisha kichwa kumwelekea. Kifuu cha nazi kilikuwa kimemweka Riziki mahali pamoja, jua lilikuwa moja, shuka moja, na ule mstari mweusi baina yao ulifanana na nguzo ya baraza. Vijana wawili wamesimama huku na huku ya nguzo, wanataniana. Riziki mwenyewe, aliyewapiga mmoja baada ya mwingine, nusura aamini.

Akaupeleka mkasi tena, akashindwa. Bibi yake aliyemlea alimkataza tangu utotoni kutia chuma kikali kwenye kitu cha marehemu kabla ya arobaini. Si shati, si mkeka, si kamba ya kitanda chake. Ukikata, bibi alisema, unamkata yeye huko aliko, na bado hajafika. Riziki alikuwa mtu mzima aliyekwisha kusoma kitabu cha kamera ukurasa kwa ukurasa, na aliyacheka mengi ya bibi yake. Hili hakulicheka. Alihesabu siku tisa zilizobaki, akamfikiria yule mama majini, akaona siku tisa ni nyingi. Akaifunga picha nzima katika gazeti. Nitamweleza, alijisemea njiani. Nitamwambia huyu pembeni ni mteja mwingine, asubiri arobaini ipite nimkatie.

Mama Hadija alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, hana nazi mkononi. Alifungua gazeti. Alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha kidole chake kikavuka mstari.

"Na huyu nani?"

"Huyo anaitwa Husna," alisema Riziki. "Wa Madimba. Shikamoo tena, mama, nilitaka nikueleze, hii kamera yangu ina…"

"Husna." Mama Hadija alilirudia jina akilionja. Machozi yalianza kumtoka, ya kwanza tangu msiba, na huku anacheka. "Ntoto huyu! Mimi namuuliza kila siku, utaniletea lini mkwe, ananiambia ngoja mama. Kumbe anaye! Kumbe alikuwa ananificha! Angalia anavyomwangalia, Riziki. Angalia ntoto wa watu anavyomwangalia mwanangu."

Jina lilikuwa la kweli, na hilo ndilo neno la kweli pekee lililosemwa mle ndani asubuhi ile. Riziki alifungua kinywa. Mama Hadija alikuwa ameshainuka, anatafuta unga, anaulizia kama kuni za jirani zimekauka, maana amesikia njaa. Alisonga ugali akala mbele ya Riziki, tonge baada ya tonge, picha ikiwa juu ya goti. Niambie nani angesema. Mimi ninayesimulia sijui kama ningesema. Riziki alikaa, akala naye.

Alidhani mambo yataishia pale ukutani, picha itundikwe, mama apone. Arobaini ilipopita, mama Hadija alifunga doti ya kanga na kilo za mchele, akaenda Madimba kumwona mkwe wake.

Mzee Hassani, baba yake Husna, alikuwa mkulima wa korosho na mihogo, mtu mgumu, mwenye heshima yake msikitini. Alipokea mgeni, akapokea picha, akaangalia. Binti yake alikuwa kwenye baraza ambayo si ya shangazi yake, na kijana ambaye si mchumba wake, na katikati yao nguzo tu. Akamwita Husna. Husna aliapa kwa Mungu na kwa maziwa ya mama yake kwamba mtu huyu hamjui. Mama Hadija, kwa wema wake wote, alimkumbatia akamwambia asiogope, marehemu hana hasira na mtu. Huo wema ndio uliommaliza. Kabla ya mwezi kwisha habari ilikuwa imefika Mikindani, na watu wa Ismaili wakarudisha maneno. Posa ikavunjika.

Husna alikuja Msimbati kwa miguu, mchana wa jua kali, akamkuta Riziki anaanua mihogo iliyoanikwa juu ya bati.

"Dada Riziki, mimi yule kijana nimemwona wapi?"

Riziki aliendelea kuanua mihogo.

"Nilimwona mgongo. Anaondoka, mimi nachana nywele mlangoni. Mgongo wa shati jeupe, basi. Hata sura sikuiona mpaka alipokuja mama yake na hiyo picha. Nimesimamaje naye? Umefanya nini?"

Riziki alimwingiza ndani akamweleza yote. Alimwonyesha kopo, alimwonyesha filamu yenyewe, vipande vidogo vya watu wamefuatana, wawili wawili. Husna aliishika filamu kwenye mwanga wa dirisha.

"Basi twende! Twende sasa hivi ukamwonyeshe baba."

"Lazima nianze na mama Hadija," alisema Riziki. "Akisikia kwa watu atarudi mtoni. Nipe mpaka Ijumaa, mdogo wangu. Ijumaa nitamwambia, Jumamosi niko kwenu."

"Unaniahidi?"

"Wallahi."

Ijumaa Riziki alikwenda na filamu ndani ya mkoba. Mama Hadija alikuwa uani anatwanga makopa ya muhogo na majirani wawili, mwili umeanza kurudi, anawasimulia jinsi Jafari alivyokuwa akimwibia sukari. Alimkaribisha Riziki kama mwana wa nyumbani. "Wewe ndiye umenitoa majini," alimwambia mbele ya wale wanawake. "Tangu siku ile siendi tena. Nikiwa na mkwe, bado nina ntoto. Ningekuwa sina, ningekwenda, na safari hii nisingerudi." Alisema hivyo bila kutafuta huruma, akiendelea kutwanga. Riziki alikaa mpaka alasiri, akaaga, filamu ikiwa bado ndani ya mkoba. Jumamosi hakwenda Madimba.

Akajipa wiki. Kisha akasema ngoja msimu wa korosho upite, watu wamechoka. Kisha ikaingia Ramadhani, na nani anataka kumvunja mtu moyo ndani ya Ramadhani. Baada ya Idd alisikia Ismaili ameoa Mikindani, harusi kubwa, wala hawakumwita yeye kupiga picha. Mzee Hassani alikuwa ameacha kusema na binti yake. Siku moja alimwambia neno moja tu: wakwe zako wako Msimbati. Husna alifunga nguo zake akaja, na mama Hadija alimpokea mlangoni kwa vigelegele.

Siku hiyo Riziki alijificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kupitia dirishani alimwona Husna anateremka njia ya mchanga na furushi kichwani, hatazami kulia wala kushoto, hakugeuka hata kidogo upande wa baraza yenye shuka ya buluu. Riziki alilia siku ile, akajiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha akainuka akaenda kupiga picha za mtoto wa jirani, kwa sababu alikuwa ameshaahidi.

Tangu hapo kazi ilimgeuka. Bahasha ikirudi kutoka Dar alikuwa akiiweka siku mbili bila kuifungua. Akiifungua, hakuona tena sura, aliona nani amewekwa na nani. Mzee mgonjwa pembeni ya bibi harusi. Mtoto mchanga pembeni ya askari mgambo. Alikuwa akihesabu moyoni ni nani kati ya wale wawili atatangulia, na nani ataachwa na jina la mwenzake. Mwaka uliofuata alizua utaratibu wake. Kila alipompiga mtu, aliziba lenzi kwa kiganja akabonyeza tena, ili nafasi ya pili iwe giza. Kila mteja akasimama pembeni ya giza lake. Filamu ikarudi kuwa ya thelathini na sita, kama ya watu wengine, na wateja wakamshangaa anachoma filamu bure. Aliwaambia kopo limezeeka.

Wakati huohuo kule nyumba ya pili kutoka kisimani wanawake wawili waliishi vizuri. Hilo nalo lilimtesa, maana angewaona wanagombana angepata pa kushika. Walilima pamoja, walimenya mihogo pamoja, na mama Hadija alikuwa akisimulia ya Jafari: alivyoumwa na nge, alivyotoroka jandoni, alivyopenda pweza wa nazi asiyeungua. Miaka ya mwanzo Husna alisikiliza kimya. Baadaye alianza kuuliza. Kisha siku moja Riziki alipita akamsikia mama Hadija amesahau katikati ya hadithi, na Husna akaimalizia, na akaongeza kipande ambacho mama Hadija hakuwa amekisema kamwe. Mama akasema, "Eeh, ndivyo alivyo." Riziki aliharakisha hatua.

Wanaume walimposa Husna, wawili watatu. Alikataa kwa upole. Picha ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, imefunikwa kipande cha chandarua kuzuia inzi, na wageni walionyeshwa bila kuomba.

Miaka ikaenda. Huko Mnazi Bay visima vya gesi vilianza kazi, magari yenye vioo vya giza yakawa yanapita, na watu wa mjini wakaja na kamera zinazoonyesha picha papo hapo kwenye mgongo wake. Watoto walizipenda. Foleni ya Idd ilipungua barazani kwa Riziki mpaka wakabaki wazee. Kopo lenyewe lilianza kusita. Lenzi ilitoka kwa mlio wa kukwaruza, na mara nyingine ilibaki nje haitaki kurudi. Filamu za dukani kwa Asgarali zilikuwa zimekaa mno. Alibakiwa na moja.

Mwaka 2008 mama Hadija alifariki, kitandani kwake, ameshikwa mkono. Husna ndiye aliyesimamia kuoshwa kwake, na wanawake walimwita mkwe wa marehemu bila mtu kukunja uso. Riziki alikuwa miongoni mwao, anachota maji. Aliutazama ule uso uliotulia, akajua kwamba sababu yake ya kunyamaza, ile aliyoishikilia miaka kumi na miwili, inafungwa sanda mbele ya macho yake. Alingoja arobaini. Siku iliyofuata alitia ile filamu ya zamani kwenye mkoba, akachukua na kamera, maana Husna alikuwa amempa ujumbe aje nayo.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada Riziki. Karibu ndani."

Husna alikuwa na miaka thelathini na kitu, mnene kiasi, mwenye sauti ya mwenye nyumba. Riziki hakutaka chai. Alikaa kwenye mkeka akatoa filamu, akaiweka baina yao.

"Mdogo wangu, nimekukosea kosa ambalo sina jina lake. Niliogopa. Nilikuwa nakuona unapita na nafsi yangu inakufa. Sasa mama amekwenda, hakuna wa kuumia tena. Nitakwenda Madimba kwa baba yako, nitasimama msikitini wakitaka, nitawaonyesha hii. Uko huru, Husna. Bado unaweza kuolewa, unaweza kuzaa."

Husna aliinua filamu akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Aliiangalia kwa utulivu, akatabasamu.

"Tumetoka vizuri," alisema, akairudisha.

"Husna."

"Alikuwa ananiambia nisicheke, ndiyo maana nikainamisha kichwa. Ukiangalia utaona midomo yake imefunguka kidogo. Alikuwa ananisemesha."

Riziki alimsukumia tena filamu. "Ulimwona mgongo, mdogo wangu. Mgongo wa shati jeupe, unachana nywele. Uliniambia mwenyewe, kule kwangu."

"Nilikuwa msichana, na baba ana fimbo. Ulitaka nisemeje?"

"Nilikuwepo! Mimi ndiye niliyewapiga! Alipigwa yeye, akaondoka, ukaja wewe!"

"Wewe ulikuwa umefumba jicho moja," alisema Husna, "na lingine liko ndani ya kopo." Hakusema kwa hasira. Alijisogeza akamshika Riziki goti, kama anayembembeleza mgonjwa. "Dada yangu, nisikilize. Nimemfulia mama yake miaka kumi na moja. Nimemzika. Wanaume wamekuja nimewarudisha kwa ajili yake. Ukienda kuwaambia watu kwamba hakuwepo, hiyo miaka yangu utaipeleka wapi? Una pa kuiweka?"

Nje kuku walikuwa wanaparuza mchanga. Riziki alichukua filamu akairudisha mkobani.

"Ile ya ukutani imefubaa," Husna aliendelea, ameshainuka. "Mimi sionekani pua. Nataka utupige nyingine."

"Niwapige?"

"Kwa kamera ile ile. Hizi za kisasa hazijui."

Alitoa viti viwili uani akaviweka ukutani, akapima nafasi baina yake kwa kiganja. Alikuwa amevaa kanga mpya, doti, na dhahabu ya mama Hadija masikioni. Akakaa kwenye cha kushoto. Riziki alisimama juani na kamera mkononi. Angeweza kukataa. Angeweza kusema filamu imeisha, lenzi imekwama, amechoka, anaumwa. Akailaza kamera ubavu, lenzi ikatoka ikikwaruza, akamvuta Husna karibu mpaka akaona vinyweleo vya nyusi zake, akabonyeza.

Mkono wake wa kushoto ulianza kupanda kuziba lenzi.

"Usizibe," alisema Husna. Alikuwa ameinuka kitini, amekuja kusimama pembeni yake, bega kwa bega, akikitazama kile kiti cha pili. "Sasa yeye."

Riziki aliweka jicho kwenye kamera. Aliona ukuta wa udongo na kiti cha mbao, na kwenye mbao hizo msumari mmoja uliochomoza. Alivuta karibu, akarudisha nyuma, akavuta tena, akitafuta umbali wa mtu aliyekaa. Miaka kumi na miwili alikuwa amejizuia kuiwazia sura ile. Ikaja bila kuitwa, na shati lake na maneno yake mengi, ikakaa pale ilipowekewa.

"Jafari," akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "inua kidevu kidogo."

Husna alicheka pembeni yake, kicheko cha mke anayemjua mumewe.

"Huyo haambiwi mara moja akasikia," alisema. "Mwambie tena."

Riziki akamwambia tena.